Tairi Zuri Lifungwe Mbele: Kuchagua Matairi ya Saiklokrosi kwa Vumbi na Tope la Arusha na Moshi

Mpelekee fundi baiskeli tairi moja jipya, iwe Ngaramtoni au Majengo, na mara nyingi atalifunga nyuma bila hata kukuuliza. Hesabu yake ni ya mizigo. Tairi la nyuma ndilo linalobeba uzito mwingi, ndilo linalosukumwa na mnyororo, na ndilo linaloisha kwanza. Kwa mtu anayepeleka maziwa au ndizi sokoni, hesabu hiyo haina kasoro. Kwa mtu anayeshindana kwenye njia za udongo ni hesabu ya kumwangusha. Tairi la nyuma likiteleza, baiskeli inacheza kiuno, unairudisha, safari inaendelea. La mbele likiteleza, mara nyingi unagundua ukiwa umeshalala ubavu.

Makala haya yanahusu matairi ya saiklokrosi, mchezo uliokulia Ulaya, hasa Ubelgiji, Ufaransa na Uholanzi, ambako hufanyika msimu wa baridi kwenye mzunguko mfupi wa kilomita 2.5 hadi 3.5 unaorudiwa kwa takriban saa moja. Humo mna majani, tope, mchanga, ngazi na vizuizi vya mbao visivyozidi sentimita 40, ambapo mshindani hushuka, hubeba baiskeli begani na kukimbia. Mashindano ya dunia ya kwanza yalifanyika Paris mwaka 1950. Baiskeli zake zina usukani uliopinda kama za barabarani, lakini fremu ina nafasi ya tairi nene lenye kashata, yaani meno ya raba yanayoshika ardhi. Kwa njia zetu za miteremko ya Meru na Kilimanjaro ni chombo cha kufaa sana, mradi matairi yachaguliwe kwa udongo wa hapa.

Kabla ya kashata, saizi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tairi la saiklokrosi huandikwa 700x33C, na pembeni utaona namba nyingine, 33-622. Hiyo ya pili ndiyo ya kuiamini: 33 ni upana kwa milimita, 622 ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Ukiingia dukani ukasema unataka tairi la “ishirini na nane”, utapewa la baiskeli nyeusi za kawaida, Phoenix na jamaa zake, zinazotumia 28 x 1½. Hilo ni la rimu ya 635. Milimita 13 zinaonekana ndogo, lakini tairi litazunguka likiwa limelegea na litachomoka kwenye rimu ukijaza upepo. Kinyume chake, tairi la baiskeli ya milimani lililoandikwa 29 hukaa kwenye rimu ile ile ya 622. Linaingia kwenye rimu, ila fremu ya saiklokrosi mara nyingi haina nafasi ya upana wake. La 26 ni 559, na la 27.5 ni 584. Hayo hayahusiani kabisa.

Upana wa 33 unatokana na kanuni za UCI, chama cha baiskeli cha dunia, ambacho hakiruhusu tairi la saiklokrosi kuzidi milimita 33 wala kuwa na misumari. Kama mashindano unayoingia hayafuati kanuni hizo na fremu inaruhusu, weka 35 au 38 bila kusita, hasa mbele. Upana unakupa nafasi ya kupunguza upepo, na upepo, kama tutakavyoona, una nguvu kuliko kashata.

Sasa kazi ya kila tairi. Ukiwa umekaa kwenye siti kwenye tambarare, tairi la nyuma hubeba karibu asilimia 55 hadi 60 ya uzito wako na wa baiskeli. Ukipanda mlima linabeba zaidi. Kwa hiyo ugumu wa kuzungusha, ule unaokula miguu, unatoka nyuma kwa sehemu kubwa, na tairi zito lenye kashata ndefu likiwekwa nyuma litakuchosha hata kwenye vumbi kavu lisilolihitaji. Tairi la mbele hubeba uzito kidogo, lakini lina kazi mbili ambazo la nyuma halina. Ndilo linaloongoza. Na ukishika breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, kwa hiyo ndilo linalosimamisha. Tairi linaloombwa kusimamisha na kukata kona kwa wakati mmoja lazima liwe na kitu cha kushikia ardhi.

Ndiyo maana washindani wengi hufunga mbele tairi lenye kashata kali kuliko la nyuma. Tofauti si lazima iwe kubwa. Hata hatua moja inatosha.

Kashata zenyewe zina familia tatu. Ya kwanza ni uso wa tupa: katikati pana vijino vidogo vidogo kama tupa ya kunolea panga, na pembeni mstari mmoja wa kashata halisi. Linakimbia sana kwenye ardhi ngumu, na kwenye tope halifai kitu. Ya pili ni kashata fupi zilizosongamana, zenye urefu wa milimita 2 au 3 hivi. Hilo ni tairi la kila mahali. Ya tatu ni kashata ndefu zilizoachana, na uwazi huo una sababu: tope likiingia katikati lazima litoke tairi linapozunguka. Likibaki, tairi linageuka kipara lililopakwa udongo.

Ukilishika tairi mkononi, usitazame katikati tu. Watu wote hutazama katikati. Liinamishe kama linavyoinama kwenye kona, uone ni nini kinachogusa ardhi. Baiskeli ikilala, tairi huhama kutoka mistari ya katikati kwenda kwenye kashata za bega. Kama kati ya mistari hiyo kuna uwazi mpana, kuna nukta moja katikati ya kona ambapo tairi halijashika popote: limeshaacha ya katikati, halijafika ya bega. Mtu mwenye mkono mzuri hulala haraka akaivuka nukta hiyo. Anayeanza hubaki juu yake, na hapo ndipo huteleza. Kwa tairi la mbele la anayeanza, tafuta lenye kashata za kati zinazounganisha katikati na bega. Na bega lenyewe libonyeze kwa kidole gumba. Kashata ndefu zilizosimama peke yake huinama zikiguswa na ardhi ngumu, na kuinama huko utakuhisi kama baiskeli inaelea.

Udongo wetu una tabia zaidi ya moja, na msimu hubadilisha kila kitu. Kuanzia Juni hadi Oktoba njia za Arusha, upande wa Kisongo na kuelekea Monduli, huwa na vumbi laini kama unga juu ya ardhi iliyokauka kama sakafu. Huu ni mtego. Jicho linaona laini, mtu anafunga kashata ndefu, kumbe kilicho chini ni kigumu. Kashata ndefu zinapita kwenye vumbi, zinafika kwenye sakafu, zinainama. Hapa panahitaji kashata fupi zenye ncha kali mbele, na nyuma uso wa tupa wenye bega imara.

Njia za changarawe zinazopanda Machame, Kibosho na Marangu ni nyingine. Kokoto huviringika chini ya tairi kama punje za mahindi kwenye sinia. Hakuna kashata inayoshika kokoto inayoviringika. Kinachosaidia ni tairi pana lenye upepo mdogo, linalozimeza badala ya kupanda juu yake.

Masika ikifika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa vihambani, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, huwa kama sabuni, na ubaya wake mkubwa ni mvua ya kwanza, pale juu palipolowa milimita chache na chini bado pakavu. Chukua njia moja ya kawaida ya kihambani: inashuka kati ya migomba, inavuka mfereji, halafu inakata kushoto mara baada ya maji. Mahali pa kuangukia ni ule ukingo wa mfereji, ambapo mguu wa watu na ng'ombe umeusugua udongo hadi unang'aa na jani la mgomba limelala juu yake. Tairi la mbele likikanyaga jani lililolowa, kashata hazigusi udongo kabisa, zinaukandamiza ule utelezi tu. Dawa si kashata ndefu zaidi. Ni kumaliza breki kabla ya jani, kupita juu yake baiskeli ikiwa wima, na kugeuka baada ya maji. Upande wa tairi, raba laini ya mbele ndiyo itakayokusaidia kwenye mizizi na mawe yaliyolowa. Raba ngumu huko huteleza hata kama kashata ni mpya.

Kuna udongo mweusi wa tambarare, kama ule wa kusini mwa Moshi kuelekea mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC. Ukiwa mkavu unapasuka, ukiwa na maji unanata. Hujaa kwenye kashata, hujaa kwenye breki, hujaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Tairi la tope halikuokoi hapa, na wakati mwingine linazidisha kwa kuwa linabeba zaidi. Kinachookoa ni nafasi. Chukua spana ya aleni namba 6, yenye upana wa milimita 6, uipitishe kati ya tairi na fremu, juu na pande zote mbili. Ikipita bila kugusa, una milimita 6, na hicho ndicho kiwango cha chini cha kuanzia msimu wa mvua. Kwa kawaida nafasi ya nyuma, karibu na pedeli, ni finyu kuliko ya mbele. Kwa sababu hiyo tu inafaa kufunga 33 mbele na 30 au 31 nyuma. Kama udongo unazidi hapo, beba baiskeli begani. Mchezo huu uliruhusu kukimbia tangu mwanzo.

Tufike kwenye upepo. Mtu anaweza kununua tairi bora kuliko yote akaliharibu kwa pampu. Mazoea yetu ni kujaza mpaka kidole kisiweze kubonyea, na mazoea hayo yana asili yake: tairi lenye tyubu na upepo mdogo, likigonga jiwe, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyo sambamba. Kwa hiyo watu hujaza psi 50 au 60 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi). Kwa upepo huo tairi linadunda juu ya kila kokoto, na tairi lililo hewani halina kashata.

Kwa mshindani wa kilo 70 mwenye matairi ya 33 yenye tyubu, anzia psi 32 mbele na 35 nyuma. Kwa tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu lililotiwa dawa ya kuziba matundu, anzia 25 mbele na 27 nyuma. Kila kilo 10 zinazozidi, ongeza psi 2 au 3 kila tairi, na zikipungua ondoa vivyo hivyo. Kwenye tope laini lisilo na mawe, wa tyubulesi anaweza kushuka mpaka 21 au 22. Mahali penye mawe ya volkano yaliyochongoka, ongeza psi 3 uvumilie kudunda kidogo, kwa sababu rimu iliyopinda ni hasara kubwa kuliko kona iliyokatwa taratibu. Mbele daima kuwe chini ya nyuma kwa psi 2 au 3, kwa sababu uzito ni mdogo. Upepo sawa pande zote mbili ni dalili kwamba moja kati ya matairi limejazwa vibaya.

Namba hizo ni mahali pa kuanzia tu. Tafuta kona moja ya udongo unaoujua, ipite mara tatu kwa mwendo ule ule. Punguza psi 2 mbele tu, rudia. Utahisi tairi linashika zaidi na zaidi, kisha ghafla usukani utakuwa mzito, baiskeli itaonekana kama inakokotwa pembeni, au rimu itagonga kwenye mzizi. Hapo umevuka. Rudisha psi 1 au 2, andika namba. Halafu fanya hivyo hivyo kwa la nyuma, safari hii kwenye mizizi na mawe badala ya kona. Usibadilishe yote mawili kwa pamoja, hutajua lipi limekupa nini.

Tumia geji ile ile siku zote. Pampu kubwa zenye geji ya hadi psi 160 haziaminiki chini ya 30, kwa sababu sindano bado iko mwanzoni mwa njia yake. Geji ndogo ya kushika mkononi inayoishia psi 30 au 60 ni moja ya vifaa vya thamani kubwa kwa bei ndogo. Hata kama inadanganya kidogo, inadanganya kwa namna ile ile kila siku.

Joto na mwinuko navyo vina neno. Baiskeli iliyojazwa psi 26 alfajiri, kisha ikaachwa juani mpaka tairi likapata joto la nyuzi 20 zaidi, huongezeka kama psi 2.5. Hizo zinatosha kuondoa kazi yote uliyoifanya kwenye kona. Iweke kivulini, pima dakika kumi kabla ya kuanza. Kuhusu mwinuko, Moshi mjini ni kama mita 900, na lango la Marangu ni kama mita 1,880. Hewa ya nje inapungua, kwa hiyo tairi lililojazwa mjini huonyesha karibu psi 1.4 zaidi huko juu. Lakini huko ni baridi, na nyuzi 10 za baridi hushusha karibu kiasi hicho hicho. Mara nyingi vinafutana. Siku yenye jua kali huko juu havifutani, na hapo geji ndiyo mwamuzi.

Miiba ndiyo sababu kubwa ya watu hapa kuogopa matairi mepesi, na hawakosei. Mbigili hutapakaa kando ya njia na viwanja vya mpira wakati wa kiangazi, na upande wa nyika kuna miba ya migunga inayopita tairi lolote. Kwa mbigili, dawa ndani ya tyubulesi hutosha: mililita 40 hadi 50 kwa tairi la 33, chupa itikiswe vizuri kwanza, kwa kuwa chembe zinazoziba hukaa chini. Kwa joto letu dawa hiyo hukauka mapema. Ipime kila baada ya wiki sita kwa kutikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji, ongeza. Tairi likitobolewa, zungusha tundu liwe chini dawa ilifikie, subiri, kisha jaza upepo.

Tyubulesi ina masharti. Tairi na rimu vyote viwe vimetengenezwa kwa ajili hiyo, na utepe wa rimu uwe mpana kuliko ndani ya rimu kwa milimita 2 hivi ili upande kidogo kwenye kuta za rimu. Paka maji ya sabuni kwenye kingo za tairi, jaza kwa kompresa mpaka usikie milio miwili ya kingo kukaa, na usizidishe kiwango kilichoandikwa ubavuni. Tairi la kawaida likilazimishwa kuwa tyubulesi linaweza kukaa vizuri nyumbani, kisha kwenye kona ya kwanza ubavu unafunguka, upepo unatoka kwa pumzi moja. Kama huna vifaa vya kweli vya tyubulesi, baki na tyubu, na ukipata zile ambazo kiini cha valvu kinafunguka, tia dawa humo.

Ukiziba pancha ya tyubu kwa solusheni na kiraka, usirudishe tairi kabla ya kupitisha ndani yake kipande cha pamba au kitambaa laini. Kidole hukosa mwiba uliokatikia ndani. Pamba hunasa.

Matairi ya mitumba yanaweza kuwa mazuri sana au mabaya kabisa, na kashata hazikwambii lipi ni lipi. Kunja ubavu kwa vidole viwili uone kama unapasuka nyufa ndogo. Bonyeza kashata kwa ukucha: alama ikitokea na kutoweka, raba bado hai. Ukucha ukiteleza kama kwenye plastiki, tairi hilo limekufa hata kama halijatembea kilomita moja, na ukilifunga mbele kwenye udongo uliolowa halitashika.

Kwa anayeweza kumudu jozi moja tu, chukua kashata fupi zilizosongamana pande zote mbili na ushughulike na upepo. Akipata pesa ya tairi la tatu, liwe la tope, na masika lifungwe mbele. Mlima wa tope ambao la nyuma linazunguka bure, utashuka na kukimbia, na hupotezi sana. Mteremko ambao la mbele halishiki hauna njia mbadala. Kiangazi likirudi stoo, la kashata fupi linarudi mbele, na nyuma unaweza kufunga uso wa tupa.

Tairi la nyuma likianza kupata kipara katikati, usinunue jipya ukalifunga huko huko. Hamisha la mbele liende nyuma, jipya liende mbele, na lililoisha lipate kazi ya mazoezi ya lami au litupwe. Kabla ya kuhamisha, tazama mshale wa mwelekeo ubavuni, na andika kwa kalamu ya rangi tarehe uliyotia dawa. Mafundi wengi watashangaa wakiona jipya likienda mbele. Waeleze ni la mashindano, watakufungia.